Mita Hamsini za Fachtna Tarpey

Kwa miaka ishirini na tatu Fachtna Tarpey aliendesha mechi kwa mdomo. Filimbi alikuwa nayo shingoni na kadi zilikuwa mfukoni, lakini vyote alivibeba kama mtu anayebeba mwavuli siku ya jua. Mchezaji akimvuta mwenzake jezi, Fachtna alimfuata mbio, akamshika bega, akamuuliza hali ya mama yake. Mchezaji alijibu kwamba mama hajambo, na akaona haya kuvuta jezi tena.

Aliwajua wote. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe, na hakuna banda katika upande huu wa kaunti ambalo hakuwahi kulala chali ndani yake, mafuta usoni, akisikiliza mpira wa bomba unapovuta pumzi. Kwa hiyo waliomtukana uwanjani walikuwa wateja wake, na baba zao walikuwa wateja wake.

"Fachtna, hiyo faulo umeiona au umeiota?" aliulizwa siku moja na Dinny Scahill, beki wa Cloonbrack, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya kwenda Dublin.

"Nimeiota, Dinny. Na wewe ulikuwemo, umevaa jezi ya wapinzani na unacheza vizuri."

Watu wakacheka, faulo ikapigwa, mechi ikaendelea. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, na sisi tulimpenda kwa hilo.

Lakini si kila refa alikuwa na ngozi kama yake. Nimewaona wasichana na wavulana wa miaka ishirini wakinunua filimbi mwezi wa Machi kwa furaha, na kufikia Agosti wameshazitia kabatini, kwa sababu mtu mzima, aliyekaa kanisani safu ya mbele asubuhi hiyo hiyo, aliwafuata mpaka kwenye gari akiwaambia maneno ambayo hangemwambia mbwa. Tulizoea. Tulisema ni joto la mchezo. Mpira wa Kigaeli, huu wetu wa Ireland unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, unachezwa bila mshahara, tulisema, kwa hiyo watu wanalipwa kwa kelele. Halafu ikaja Jumapili moja ambapo mechi kumi na moja za kaunti hazikuchezwa kwa kukosa refa, na majani ya viwanja kumi na moja yakabaki yanatazama mvua. Hapo ndipo watu wakaanza kufikiri.

Sheria mpya zilipokuja, marefa wote waliitwa kwenye ukumbi wa parokia mwezi wa Februari. Aliyezieleza alikuwa Gobnait Hession, msimamizi wa marefa, mwanamke mwembamba aliyecheza miaka kumi na tano katikati ya uwanja na bado alisimama kama anayesubiri mpira udondoke. Alizisoma polepole. Anayebishana na refa, mpira unasogezwa mita hamsini mbele dhidi ya timu yake. Aliyefanya faulo asipomkabidhi mpinzani mpira mkononi, akautupa kando kama tulivyozoea kufanya tangu ujana wetu, mita hamsini. Nahodha peke yake ndiye anayezungumza na refa. Na shuti lililopigwa kutoka nje ya tao la mita arobaini lililochorwa mbele ya goli, likipita juu ya mwamba wa goli, ni pointi mbili badala ya moja: refa ananyanyua mkono mara mpira unapopigwa, na msimamizi wa goli, akiuona mkono, ananyanyua bendera ya rangi ya chungwa badala ya nyeupe.

Fachtna alinyoosha kidole. "Na refa mwenyewe je? Anaruhusiwa kuongea?"

"Anaruhusiwa kupuliza," alisema Gobnait.

Ukumbi ulicheka, na Fachtna akacheka kuliko wote. Lakini baadaye, walipokuwa wamesimama na vikombe vya chai, Gobnait alimvuta pembeni.

"Nimesoma ripoti zako zote," alimwambia. "Kila moja inasema wewe ni mtu mzuri. Sijaona hata moja inayosema wewe ni refa mzuri."

"Mtu hawezi kuwa vyote viwili?"

"Utanionyesha. Mwaka huu nitakuja kukutazama mara moja, na sitakuambia ni mechi gani. Alama sabini kwa mia unabaki kwenye orodha. Chini ya hapo, Fachtna, nitakushukuru kwa miaka yako na nitalifuta jina lako. Nikimwachia mmoja, sina la kuwaambia wengine."

Alirudi nyumbani kimya, na kwa Fachtna kimya kilikuwa kama homa. Assumpta, mkewe, alimgusa paji la uso.

Inabidi nieleze kwa nini jambo hili lilimwingia. Fachtna hakuwahi kuwa mchezaji. Alivaa jezi ya parokia mara tatu, timu ya pili, na mara ya tatu goti lake lilitoa sauti ambayo watu waliisikia upande wa pili wa uwanja. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Uwanja ulimfungia mlango wa mbele, na baada ya miaka mingi akaingia kwa mlango wa nyuma, na filimbi. Hakupata watoto. Alipata Jumapili. Kila Jumapili, kuanzia baridi inapolegea mpaka majani yanapoanguka, gari lake liliondoka baada ya misa likiwa na watu watano na makoti meupe yaliyopigwa pasi, kwa sababu kwetu refa huja na wasimamizi wake wa goli mwenyewe, na kwa kawaida huwatoa jikoni kwake. Goli moja lilisimamiwa na Assumpta na Malachy, kaka yake Fachtna. Goli la pili tulilisimamia mimi na dada yake Assumpta. Tulikula mikate ya nyama njiani, tukabishana juu ya hali ya hewa, tukarudi tumelowa. Jina likifutwa, ingekuwa safari ya watu watano iliyofutwa.

Basi akaanza mazoezi. Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kupika, na Assumpta alikubali kuwa mchezaji mkorofi.

"Viazi hivi vina chumvi nyingi," alisema Assumpta.

Fachtna alipuliza kwa midomo, akachukua sahani ya mkewe, akaipeleka dirishani.

"Nimesema ukweli tu."

"Umebishana. Hamsini."

"Mimi ndiye nahodha wa nyumba hii."

Fachtna alifikiri, akairudisha sahani. "Hapo umenishika."

Tatizo lilikuwa Malachy. Alikuwa na miaka sabini, tarishi mstaafu, mtu aliyepeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na nane bila kukosea mlango, na kila mara alikukumbusha. Bendera nyeupe kwa pointi, kijani kwa goli. Hizo alizinyanyua kama askari. Ya chungwa aliipokea kwa vidole viwili.

"Hii ni ya watu wanaochimba barabara," alisema.

"Ni ya pointi mbili, kaka."

"Sawa. Wewe nyanyua mkono, mimi nitanyanyua hicho kitambaa. Usiponyanyua, usinitafute."

Msimu ulikwenda. Machi, Mei, Julai, na kila Jumapili Fachtna alitazama jukwaa akimtafuta Gobnait na hakumwona. Alijifunza kumeza maneno. Unaweza kuona jibu zuri likimpanda kooni, likafika kwenye meno, likarudi. Mkono wa pointi mbili ndio uliomsumbua. Mara nyingi alikumbuka, mara chache Assumpta alikohoa kwa nguvu ndipo akakumbuka.

Mwezi wa Septemba alipewa nusu fainali ya daraja la chini, Cloonbrack na Killaveen, kwenye uwanja wa Rathmoyle. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyoanguka bali inayosimama tu hewani. Tulipokuwa tunavaa makoti nyuma ya gari, Assumpta alisema bila kugeuza kichwa, "Safu ya juu kabisa. Amekalia mfuko wa plastiki."

Alikuwa Gobnait, na daftari lilikuwa juu ya goti lake. Fachtna alifunga kamba za viatu mara mbili, kisha akazifungua na kuzifunga tena.

Dakika ya kumi, Dinny Scahill alimkata mshambuliaji wa Killaveen miguu, na filimbi ikalia. Dinny akainuka na tope mpaka masikioni.

"Fachtna, macho umeyaacha kwenye gari?"

Nilikuwa nyuma ya nguzo yangu, mita sabini kutoka pale, na hata hivyo niliona jibu likipanda. Lilikuwa jibu zuri; baadaye alituambia, na lilihusu mke wa Dinny na mwanga wa mishumaa. Akalimeza. Akanyanyua mkono, akachukua mpira, akatembea nao mita hamsini mbele, na kuutua karibu na goli la Cloonbrack kama mtu anayeweka yai. Killaveen wakapata pointi ya bure.

"Ananiadhibu mimi," Dinny aliwaambia wenzake, "mimi ninayempa chai."

"Nyamaza, mjinga wewe," akajibiwa na kipa wake.

Dakika ya ishirini ikawa zamu ya Killaveen. Kiungo wao alifanya faulo na, kwa tabia ya baba na babu yake, akautupa mpira nyuma ya bega ili wenzake wapate muda wa kujipanga. Hakuwa na nia mbaya. Mikono yake ilifanya yenyewe. Hamsini. Mara ya tatu watazamaji walikuwa wameshajifunza, na kabla Fachtna hajafika kwenye mpira, jukwaa zima lilikuwa linaimba kwa sauti ya kanisani, pande zote mbili pamoja, "Hamsini, hamsini." Mama mmoja alimsogezea mumewe mwavuli kwa neno hilo.

Na baada ya mapumziko kukatokea jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika uwanja wa kwetu. Nilisikia buti zikipiga majani. Nilisikia mpira ukigusa kiganja. Wanaume thelathini walikuwa wanacheza na hakuna aliyemlilia refa, na chini ya kelele za miaka yote kulikuwa na mchezo, mwepesi, kama mto unaousikia baada ya trekta kuzimwa. Nilifikiri juu ya wale vijana walioziweka filimbi zao kabatini, na nikaona haya kidogo, maana mimi pia nimepiga kelele zangu.

Dinny ndiye aliyeteseka. Nahodha wa Cloonbrack alikuwa Enda Brehony, dereva wa mashine ya kuchimbia mitaro, mtu mwenye aibu ambaye hata dukani alinyoosha kidole badala ya kutaja anachotaka. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa timu. Dinny alimnong'oneza kwa hasira, na Enda akaja taratibu mpaka kwa Fachtna.

"Dinny anasema," alianza, akatazama jukwaani.

"Dinny anasema nini?"

"Siwezi kulirudia. Mama yangu yuko jukwaani."

Dakika moja ilibaki, Killaveen wakiwa mbele kwa pointi mbili. Mpira ulimfikia Enda upande wa goli la Malachy na Assumpta. Aliruka kidogo, akatazama, akapiga. Buti lake lilikuwa nje ya tao, nusu mita nzima, na Fachtna aliliona. Alikuwa hatua tano tu kutoka kwake. Aliona chaki, aliona buti, alijua ni pointi mbili. Lakini alikuwa anakimbia, na aliutazama mpira unavyopaa kama alivyoutazama alipokuwa na miaka kumi na tisa, na mkono wake ukabaki chini.

Mpira ulipita katikati, juu ya mwamba. Malachy alimtazama refa, hakuona mkono. Akanyanyua nyeupe. Pointi moja. Killaveen bado mbele.

Jukwaa la Cloonbrack likaguna, lakini wachezaji wao hawakutoa neno. Dinny alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Enda ndiye aliyetembea, peke yake, na nilimhurumia kwa kila hatua.

"Nilikuwa nje," alisema.

Fachtna aliitazama bendera. Alituambia baadaye kwamba hajawahi kuwa na muda mrefu namna hiyo. Bendera ilikuwa nyeupe. Bendera ikishanyanyuliwa ni rahisi sana kuelekeza kidole kwake na kusema imekwisha. Juu kule kulikuwa na daftari, na refa anayesahau mkono katika nusu fainali hahitaji kuambiwa alama zake. Miaka iliyopita angemshika Enda bega, angesema kitu cha kuchekesha, na mambo yangepita katika kelele. Sasa hapakuwa na kelele za kupitia.

Alitembea mpaka golini.

"Alikuwa nje," alisema Assumpta kutoka kwenye nguzo yake. "Hata kipa anajua."

Kipa wa Killaveen alitazama viatu vyake.

"Sikuona mkono," alisema Malachy, na sauti yake ilianza kupanda. "Hakuna mkono, hakuna chungwa. Nilikuambia jikoni kwako, nikakuambia kwenye gari. Miaka thelathini na nane sijakosea mlango, na sasa unakuja kuniuliza mbele ya parokia mbili kama mimi ndiye..."

"Hamsini," mtu aliita kutoka jukwaani. "Msogezeni Malachy hamsini."

Wote wakalidaka. Kicheko kilizunguka uwanja mzima, na hata kipa alikuwa ameinama ameshika magoti. Malachy alisimama wima ndani ya koti lake jeupe, mwekundu kama nyanya.

"Kaka," alisema Fachtna, "uko sahihi. Kosa ni langu. Nimeona na nimesahau. Nyanyua ya chungwa."

"Sinyanyui mpaka mkono unyanyuke."

Basi Fachtna Tarpey aligeuka akatazama jukwaa. Hakuna mpira uliokuwa hewani, hakuna mtu aliyekuwa anapiga shuti. Alinyanyua mkono wake wima, mbele ya watu wote, na akauacha pale juu muda mrefu kuliko ulivyohitajika, mvua ikiteremka ndani ya mkono wa jezi. Malachy akainama, akaichukua bendera ya chungwa, akaipeperusha vizuri kabisa.

Nahodha wa Killaveen, kijana wa ukoo wa Heneghan, alikuja amejaa pumzi za ugomvi.

"Kwa hiyo tumekuwa sare kwa sababu ulisahau mkono?"

"Ndiyo."

"Na unasema hivyo hivyo tu, ndiyo?"

"Ndiyo."

Heneghan alisubiri. Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. "Basi sawa," alisema, akarudi kwa wenzake.

Mechi ilikwenda muda wa nyongeza, na Killaveen wakashinda kwa pointi nne, safi, bila mtu wa kulaumiwa. Filimbi ya mwisho ilipolia, Dinny alikuja mbio.

"Sasa imekwisha, naruhusiwa kuongea?"

"Ongea, Dinny."

Dinny alifungua mdomo. Alikuwa ameweka akiba ya saa nzima. Alimtazama Fachtna, akatazama goli, na nadhani akaona kwamba hakuna hata moja lililofaa tena.

"Mashine yetu inavuja hewa," alisema hatimaye.

"Ile ya kushoto?"

"Ile ya kushoto."

Ukumbini kulikuwa na supu ya mboga na mikate iliyokatwa pembe tatu. Gobnait alikuja na bakuli lake akakaa mbele ya Fachtna. Sisi wanne tulijifanya tunakula.

"Mkono uliosahauliwa, alama kumi chini," alisema. "Mazungumzo marefu na wasimamizi wa goli, tano. Msimamizi wa goli kumfokea refa, nimetafuta kwenye fomu nzima, hakuna mahali pa kuliandika."

"Nitaongea naye," alisema Fachtna.

"Nipo hapa," alisema Malachy.

"Hamsini tatu, zote sahihi. Hukumjibu Scahill hata mara moja, na hilo najua limekuuma." Alikunja karatasi. "Sabini na moja."

Assumpta aliweka kijiko chini.

"Fainali inahitaji sabini na tano," aliendelea Gobnait. "Kwa hiyo fainali sikupi. Nitampa mtu mwingine."

"Sawa," alisema Fachtna. Nilimtazama vizuri, na ilikuwa sawa kweli.

"Jambo moja uliweke moyoni. Ule mpira wa Brehony sikuuona. Nilikuwa nafuta miwani. Kama ungeelekeza kidole kwenye bendera nyeupe ukapuliza, ningekuandikia themanini na sita."

 Fachtna akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa sauti, na Gobnait, ambaye hatukuwahi kuona meno yake, akacheka pia, mpaka supu ikamwagika kwenye daftari na akalazimika kulikausha kwa mkono wa koti la Malachy.

Orodha mpya ya marefa ilibandikwa Januari, kwenye mlango wa ukumbi, chini ya karatasi ya plastiki. Majina yamepangwa kwa ukoo, kwa hiyo Tarpey yuko chini, wa tatu kutoka mwisho. Chini yake safari hii kuna majina mawili mageni, msichana wa Tuohy na kijana wa Waldron, wote wa miaka ishirini na kitu. Assumpta anasema wiki ile Fachtna alisimamisha gari lake pale mara tatu, akashuka kwenye mvua na kusoma, ingawa hakuwa na mashine hata moja ya kutengeneza upande ule.